Sura Bila Sauti, Sauti Bila Sura: Bombay ya 1928 na Somo Lake kwa Washairi



Mwaka jana, katika shule moja ya huku kwetu wilayani Ileje, mwanafunzi mmoja wa kike alisimama mbele ya wenzake kughani shairi alilolitunga mwenyewe. Lilikuwa la beti saba juu ya mahari. Mizani yake imetimia, vina vyake vimekaa. Alipofika kwenye kituo cha ubeti wa kwanza akatamka "mahali" pahala pa "mahari". Darasa likaangua kicheko. Akarudia, ulimi ukamteleza tena. Akakaa chini, na beti sita zikabaki kwenye daftari.

Tangu siku hiyo huandika, lakini haghani. Akimaliza kutunga humpa mwenzake aliyelelewa mjini Tunduma, mwenye ulimi mwepesi, naye huyo ndiye anayesimama mbele ya watu. Makofi humwendea msomaji. Mtunzi huketi nyuma, mikono mapajani.

Nimeishi na jambo hilo moyoni kwa kuwa mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Ikinga. Nyumbani tulisema Kindali. Kiswahili nilikikuta shuleni, nikajifunza kutenga r na l nikiwa nimekwisha kuota meno ya pili. Nilipotafuta la kumwambia binti yule sikulipata katika vitabu vya arudhi. Nililipata mahali nisipopatarajia: katika historia ya sinema ya Bombay, na katika maisha ya mwigizaji mmoja aliyeitwa Sulochana. Naomba niisimulie hapa, kwa sababu naamini inatuhusu sisi watu wa shairi kuliko inavyowahusu watu wa filamu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ruby Myers. Alizaliwa Pune, nchini India, mwaka 1907, katika familia ya Wayahudi wenye asili ya Baghdad. Ujanani alifanya kazi ya kuunganisha simu. Huko ndiko alikotolewa na Mohan Bhavnani, mwongozaji wa Kampuni ya Filamu ya Kohinoor, aliyemwomba aingie katika uigizaji. Kwanza alikataa, kwa maana siku zile uigizaji haukuhesabiwa kuwa kazi ya mwanamke mwenye heshima. Hata katika Raja Harishchandra, filamu ndefu ya kwanza ya Kihindi iliyoonyeshwa mwaka 1913, nafasi ya malkia ilichukuliwa na mwanamume, kwa kuwa hakupatikana mwanamke aliyekubali. Baadaye binti huyu wa simu alibadili nia. Akapewa jina la Kihindi, Sulochana, lenye maana ya mwanamke mwenye macho mazuri.

Hebu tulitafakari jina hilo. Waliomwita hivyo walimwita kwa macho yake. Hawakuwa na haja ya kufikiri juu ya koo wala ulimi wake, kwani filamu za wakati ule zilikuwa bubu. Mtazamaji aliona midomo ikicheza, kisha picha ikakatwa na kibao cha maandishi kikamweleza kilichosemwa. Nchini India vibao hivyo viliandikwa mara nyingi kwa lugha zaidi ya moja, na katika ukumbi aliyejua kusoma aliwasomea jirani zake kwa sauti. Kwa hiyo neno la mwigizaji halikuwa la mwigizaji. Lilikuwa la mwandishi wa kibao, kisha likawa la yule jirani anayesoma. Mwigizaji alitoa sura, mwendo na machozi. Lugha ililetwa na wengine.

Katika ukimya huo Sulochana alistawi. Mwaka 1926 alicheza katika Typist Girl. Mwaka 1927 alitokea katika Wildcat of Bombay, filamu ambamo peke yake alivaa uhusika wa watu 8, mmojawapo akiwa polisi na mwingine muuza ndizi mzee. Alihamia Kampuni ya Imperial, na mwaka 1928 zikatoka Madhuri na Anarkali. Husimuliwa kuwa mshahara wake ulifika rupia 5,000 kwa mwezi, na watu wakawa wanasema kwa mzaha kwamba anampita Gavana wa Bombay. Iwe mzaha au kweli, masimulizi hayo yanatuonyesha kimo chake machoni pa watu. Hakuna aliyemwuliza anatamkaje neno. Filamu bubu haikujua kabila la ulimi.

Sasa tuutazame mwaka huo huo wa 1928 katika mji huo huo wa Bombay, kwa jicho la kwetu.

Katika mwaka huo bibi mmoja wa Unguja alivuka bahari na kundi lake la taarabu kwenda Bombay kuimba mbele ya kinasa sauti cha kampuni ya His Master's Voice. Huyo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeanza maisha kwa kutembeza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake. Hakujua kusoma. Taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu; yeye akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wa Ng'ambo. Santuri zake ziliuzwa kwa maelfu, zikasikika Pwani na mbali na Pwani. Na sote tunajua, kutokana na wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert, kwamba mahasidi walimkejeli kwa sura, wakisema hana uzuri. Akawajibu kwa wimbo. Waliomcheka uso walikwenda, na waliomsikia bado wapo.

Basi, ndugu msomaji, katika mji mmoja na mwaka mmoja walikuwapo wanawake wawili. Mmoja alikuwa sura isiyo na sauti: macho yake yalijaza kumbi, lakini mtazamaji hakuwahi kumsikia akisema hata "ndiyo". Mwingine alikuwa sauti isiyo na sura: waliomsikia kwenye santuri bara na visiwani hawakuuona uso wake, wala hawakuuhitaji. Mitambo ya zama hizo ilikuwa bado haijamruhusu binadamu kuwa mzima. Ilichukua nusu yake, ikaiacha nusu ya pili nyumbani.

Mpaka huo ulikuwa umeanza kuvunjika. Tarehe 6 Oktoba 1927, huko Marekani, ilionyeshwa The Jazz Singer, filamu ambamo mwigizaji alisikika akiimba na kusema maneno machache. Miaka michache tu baadaye kampuni kubwa za huko zilikuwa zimeiacha filamu bubu. Nyota wengi walianguka, na si wote kwa sababu ya sauti mbaya. Wengine walianguka kwa sababu ya lafudhi. Emil Jannings, mwigizaji aliyepata tuzo ya kwanza kabisa ya Oscar kwa mwanamume, alirejea kwao Ujerumani, kwa kuwa Kiingereza chake hakikukubalika katika filamu zenye sauti. Greta Garbo wa Uswidi alisubirishwa hadi mwaka 1930, ndipo akapewa Anna Christie, hadithi ya mwanamke mwenye asili ya Uswidi, ili lafudhi yake iwe ya mhusika na isionekane kuwa kosa. Mmoja alirudi nyumbani, mwingine akatafutiwa nafasi ya kufanana na ulimi wake.

Nchini India siku hiyo ilifika tarehe 14 Machi 1931. Katika ukumbi wa Majestic, Bombay, ilionyeshwa Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, iliyoongozwa na Ardeshir Irani. Ilikuwa na nyimbo 7. Iliyoitengeneza ni Kampuni ya Imperial, yaani ile ile ambayo Sulochana alikuwa nyota wake. Lakini aliyepewa nafasi kuu hakuwa Sulochana. Alikuwa Zubeida, binti wa Fatma Begum, mwanamke aliyetangulia wenzake nchini India katika kuongoza filamu. Zubeida aliimudu lugha. Sulochana hakuimudu. Kihindustani hakikuwa lugha ya nyumbani kwake; Kiingereza ndicho alichokulia.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Mwanamke huyu alikuwa na miaka 24 hivi. Alikuwa na fedha, jina na watazamaji. Mlango uliomwingiza, ambao ni ukimya, ukafungwa usiku mmoja. Ukimya haukumwuliza anatoka wapi. Sauti ilimwuliza swali hilo katika neno la kwanza. Sina shaka walikuwapo waliomcheka, kwa maana kicheko cha lafudhi ni kile kile Bombay na Ileje. Angeweza kukaa chini kama binti yangu wa beti saba. Angeweza kusema kwamba uigizaji ni wa macho, na hao wanaotaka maneno waende redioni.

Alifanya jambo ambalo halina mbwembwe yoyote: alirudi kuwa mwanafunzi. Aliacha kazi kwa muda wa mwaka mmoja hivi, akajifunza Kihindustani. Mwaka 1932 akarudi katika Madhuri, hadithi ile ile aliyoicheza bubu mwaka 1928, safari hii akiisema kwa kinywa chake. Baadaye akafanya hivyo tena na tena. Indira B.A. ya mwaka 1929 ilizaa Indira M.A. ya mwaka 1934, kana kwamba mhusika mwenyewe naye alikwenda kuongeza masomo. Anarkali ya 1928 ikawa Anarkali yenye sauti mwaka 1935. Paka-mwitu wa Bombay wa 1927 akarudi mwaka 1936 kwa jina la Bambai Ki Billi. Akicheza na mwenzake D. Billimoria, alizipitia upya kazi zake za ukimya moja baada ya nyingine, kama mtu anayerudi nyumba aliyoihama na kuwasha taa chumba baada ya chumba.

Washairi tunakielewa kitendo hicho. Kuna shairi lililoandikwa na kuna shairi lililoghaniwa, na anayefika kwenye la pili hugundua kuwa la kwanza lilikuwa halijakamilika.

Sitaki kuipamba hadithi hii kupita kiasi. Kujifunza hakukumpa Sulochana ufalme wa milele. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 nyota mpya walikuwa wamepanda, na yeye akaanza kushuka kwenye nafasi ndogo ndogo. Mwaka 1953 Anarkali ilitengenezwa kwa mara nyingine. Yeye aliyekuwa Anarkali mwaka 1928, na Anarkali tena mwaka 1935, safari hii alipewa nafasi ya mama wa mwanamfalme Salim, mpenzi wa Anarkali. Mwaka 1973 serikali ya India ilimtunuku Tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima ya juu kabisa katika sinema ya nchi hiyo. Alifariki Mumbai mwaka 1983. Alipata miaka yake ya sauti, naye aliipata kwa kusoma.

Nimesema hadithi hii inatuhusu. Sababu ya kwanza ni tarehe. Mwaka 1928, wakati Siti akiimba Bombay na Sulochana akicheza Bombay, wajumbe wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kuisimamia kazi hiyo. Uamuzi ule ulikuwa na faida zake, nami ninayeandika hapa ni mmojawapo wa waliofaidika: bila usanifishaji huo kitabu cha shule kisingalinifikia milimani kwa lugha moja na mtoto wa Tanga. Lakini kila usanifishaji huchagua kinywa. Washairi wa Kimvita na Kiamu, waliorithi tenzi za karne nyingi, waliamka wakakuta lafudhi yao imekuwa ya kando. Na sisi wa bara, tuliokuwa hatumo hata katika shindano, tuliingizwa katika lugha ambayo kipimo chake kilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Lugha ilipopata sauti rasmi, wengi wetu tulijikuta katika nafasi ya Sulochana.

Sababu ya pili ni kwamba mabadiliko hayo ya filamu yalipita nchini kwetu vilevile. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, ukisimamiwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham. Zilitengenezwa filamu fupi 35. Picha yenyewe ilikuwa bubu. Maneno yalirekodiwa mbali, kwenye santuri, ili picha moja iweze kusemeshwa kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine kule. Njia hiyo ilikuwa rahisi kwa gharama, lakini tuitazame vizuri. Mkulima wa Usambara aliyeigiza mbele ya kamera aliweza kusikika akizungumza lugha ya nchi ambayo hajaikanyaga, kwa sauti ya mtu ambaye hakumjua. Alipewa ulimi wa kuazima.

Ilibidi tungoje hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuzipata filamu za hadithi ambamo Watanganyika walicheza na kusema Kiswahili wenyewe. Mojawapo ni Muhogo Mchungu. Miongoni mwa walioigiza ndani yake alikuwa kijana mzaliwa wa Songea, Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi hivi baadaye, Januari 1962, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sidai kwamba filamu ndiyo iliyompa cheo. Alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi na wa TANU. Nasema tu kwamba kabla nchi haijamsikia akiitawala, baadhi ya watu wake walikuwa wamemsikia kwenye kitambaa cheupe, mtu wa kusini akisema Kiswahili kwa kinywa chake bila kuomba radhi.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Sinema ya India ilipokwisha kupata sauti ilikutana na tatizo jingine: si kila mwenye uso wa nyota anaweza kuimba. Mwaka 1935, katika filamu iitwayo Dhoop Chhaon, ilianza njia ya mwimbaji kuimba pembeni na mwigizaji kuchezesha midomo tu. Njia hiyo ilitawala, ikaleta nyimbo tamu ambazo baadaye ziliingia hata katika taarabu ya Unguja na Mombasa, watunzi wetu wakichukua lahani za Kihindi na kuzivika maneno ya Kiswahili. Siilaumu. Lakini kwa mwigizaji ina maana kwamba anaweza kukaa katika kazi maisha yake yote bila kuimba hata wimbo mmoja kwa koo lake.

Hicho ndicho anachokifanya mwanafunzi wangu. Amegundua ulimi wa kuazima. Shairi ni lake, sauti ni ya mwenzake, na hadhira inaridhika. Kwa nini basi nisiridhike?

Nilijiuliza hivyo kwa majuma mengi, na jibu nililolipata ni hili. Mwigizaji anayeimbiwa hapungukiwi kitu, kwa sababu kazi yake ni kuigiza. Lakini mshairi anayeghaniwa kwa kuwa anaogopa kuchekwa ataanza, polepole, kutunga kwa ajili ya ulimi wa mwingine. Nimeliona jambo hilo katika daftari lake. Beti zake za karibuni zinakwepa maneno. Hakuna tena "mahari", hakuna "hariri", hakuna "safari". Vina vyake vyote vimehamia kwenye silabi asizoziogopa. Kicheko cha dakika moja kimemnyang'anya theluthi ya kamusi.

Basi siku moja baada ya masomo nilimwita, nikamsimulia habari za Sulochana. Alisikiliza kimya. Nilipofika mahali pa kuacha kazi kwa mwaka mzima akauliza, "Mwalimu, alikuwa anakosea maneno gani?" Nikamwambia sijui. Akauliza tena, "Na hakuona haya?" Nikamjibu kwamba nadhani aliona, lakini haya haikumzuia kusoma.

Sikumwahidi kwamba hawatacheka. Nilimwambia ninachokijua kwa ulimi wangu mwenyewe: r hujifunzwa. Huanza kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno, asubuhi na jioni, neno moja moja, "hali" na "hari", "kula" na "kura", "mahali" na "mahari", mpaka mdomo uchoke. Nilimwambia pia kwamba Kindali chake si ugonjwa unaotibiwa. Siku atakapoitamka r vizuri, Kindali kitabaki ndani ya sauti yake, na ndicho kitakachomfanya ajulikane kuwa ni yeye. Siti naye hakuificha Fumba.

Kwenu ninyi mnaoandaa mashindano ya kughani, shuleni na kwenye kumbi, nina ombi moja. Msiache kusahihisha matamshi, kwa kuwa ushairi wetu unaishi sikioni na kina kilichokosewa ni kina kilichopotea. Lakini mtoto akikosea, mpeni nafasi ya kuirudia mishororo yake, na mkikatae kicheko kabla hamjalikataa kosa. Imperial walikuwa na haki ya kumchagua Zubeida kwa Alam Ara. Lugha ilikuwa kazi, naye aliijua. Walichokifanya vizuri zaidi ni kwamba Sulochana aliporudi kutoka masomoni, aliukuta mlango u wazi.

Muhula huu kuna siku ya mashairi. Jina la binti yule limo katika orodha ya watakaosimama. Ameliandika mwenyewe kwa penseli, aweze kulifuta akitaka. Mpaka jana jioni lilikuwa bado lipo. Nami namwekea hapa ubeti huu, alioniomba niutunge lakini nisiusome kwa niaba yake:

Ulimi wa milimani, si ulimi wa kuchekwa,
Upewe muda shuleni, kwa haki ya kutamkwa,
Sauti ni mtu ndani, haifai kufunikwa,
Sulochana wa zamani, alirudi darasani.

Wasalaam, kutoka Ikinga.